Tundu Lililozungushiwa Chaki

Mara ya mwisho tulipoachana nilikuwa nimeinamia beseni, na ndani ya beseni kulikuwa na kitu ambacho hakikupaswa kuwemo. Kwa aliyekosa nitarudia upesi, maana mambo ya wiki hii hayataki kungojeshwa.

Mimi ni fundi pancha. Kazi yangu ni kufungua tairi, kuvuta mpira wa ndani, kuujaza upepo na kuuzamisha majini. Panapotoka mapovu ndipo penye tundu. Tunapakausha, tunapazungushia chaki, tunabandika kiraka, na gari linaondoka. Tangu nianze kazi hii beseni halijanidanganya hata mara moja, na huo ndio mwanzo wa balaa langu.

Nina mpenzi. Ni mjane, anashona nguo barazani kwake mtaa wa pili, na kwa kuwa yeye ni fundi na mimi ni fundi, tunaitana Fundi. Nilimpata kwa kumpelekea suruali zenye zipu mbovu, zipu ambazo nilikuwa naziharibu mwenyewe kwa koleo kabla ya kutoka nyumbani. Siku moja aliniambia zipu zangu zimeanza kumchosha, afadhali niingie ndani ninywe chai. Niliingia, chai ikanoga, usiku ukatukuta. Tulitumia kinga. Aliinunua yeye, niliivaa mimi, na hakuna aliyelalamika.

Asubuhi yake dereva wa lori aliyekuwa anasubiri tairi aliniambia, bila hata kuniangalia, kwamba marehemu mume wa yule mshonaji alikuwa mwembamba sana. Hakuongeza neno. Kichwa changu kiliongeza mengine yote: virusi, ukimwi, na mimi mwenyewe kaburini.

Nikaacha tairi la watu chini, nikarudi kwa Fundi nikidai nimesahau simu. Alikuwa barazani, anampima mteja kiuno. Nikaingia chumbani, nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, nikapekua kikapu chake cha takataka mpaka nikaipata ile kondomu. Nikaenda nayo kazini, nikaifunga kwenye mdomo wa pampu kwa ukanda wa mpira, nikaijaza upepo polepole, nikaizamisha.

Ikatoa mapovu.

Wakati huohuo bosi wangu, ambaye tunamwita Kompresa kwa jinsi anavyohema, akaja akasimama nyuma yangu. Hakuuliza ni kitu gani. Mtu aliyezeekea kwenye pancha akiona mapovu haulizi. Aliinama, akaniambia nigeuze kidogo kulia, akaweka kidole, akapakausha kwa shati lake, akapazungushia chaki. Ndipo akatazama alichokishika.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa tuendelee.

Kompresa hakupiga kelele. Alinawa mikono mara mbili, akavua shati, akalitupa, akaniuliza jambo moja tu: kama nilikuwa nataka kuibandika kiraka.

Mtu mwenye akili angekwenda hospitali siku ileile. Mimi nilichukua kopo tupu la solushen, ile gundi yetu ya viraka, nikaiweka kondomu humo, nikainyunyizia poda kama tunavyofanya na mipira yote inayosubiri kazi, nikafunga kifuniko kwa nyundo. Nilijiambia kuwa siku moja daktari atataka ushahidi.

Kisha nikaanza kuugua.

Nilianza kutoka jasho. Nilianza kuwashwa shingoni. Nilianza kuamka nimechoka. Kwamba kazi yangu ni ya juani, kwamba shati langu la kazi ni jipya na kola yake ni ngumu, kwamba nilikuwa silali kwa kujipapasa kama nina joto, hayo yote sikuyahesabu. Nilijitazama ulimi kwenye vioo vya magari ya wateja mpaka mmoja akaniuliza kama natafuta kazi ya udaktari.

Lakini kilichonimaliza ni suruali. Suruali yangu ya kazi, ile ya bluu, ilianza kunivuka. Wiki ya kwanza nilikaza mkanda. Wiki ya pili nilitoboa mkanda tundu jipya kwa msumari. Wiki iliyofuata mkanda ukakatika kwenye tundu hilohilo, nikawa natembea nimeishika suruali kwa mkono mmoja, nafungua nati kwa mkono mwingine. Kompresa aliniangalia, akatikisa kichwa, akanipa ruhusa ya kukaa chini wakati wa kujaza upepo. Alipoanza kuwa mpole niliona kaburi.

Fundi alikuwa ananipigia simu kila siku. Sikupokea. Nikiliona jina lake kwenye simu mwili unasisimka, halafu hapohapo naingiwa na hasira, kwamba amenimaliza na bado ana sauti ya kuniita. Mara mbili alipita kazini. Mara zote mbili nilijificha chini ya lori. Nasema hivi ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani wiki zile.

Nyumbani ninaishi na dada yangu mkubwa na mumewe, pamoja na binti yao anayejifunza kutembea. Dada ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, kwa hiyo nikaamua kuwakinga. Nikatenga kikombe changu, nikakipaka rangi nyekundu kwenye mkono wa kushikia. Nikatenga sahani, kijiko na ndoo ya kuogea. Nikaacha kumbeba mpwa wangu. Akinijia amenyoosha mikono, mimi narudi nyuma, yeye anadhani ni mchezo, anakuja mbio zaidi, na mimi naishia kusimama juu ya kiti.

Dada alivumilia mpaka Jumamosi. Siku hiyo alinikuta nachemsha kijiko changu peke yake kwenye sufuria.

Akazima jiko. Akaniambia nikae. Alianza kwa kusema kwamba kama mapishi yake yananitia kinyaa niseme, nyumba haina kufuli, nitafute pa kula. Nikamwambia si hivyo. Akasema basi kuna mtu amenijaza maneno kwamba ananiwekea kitu kwenye chakula. Nikamwambia si hivyo pia. Akasema kama nimepata hela nyingi nikaona siwezi kuchangia kikombe na watu wa chini, hilo nalo angependa kulijua mapema, kwa sababu paa linavuja.

Nikamwambia. Nilitaka kumwambia kwa ufupi na kwa heshima, lakini ilitoka yote pamoja: mjane, kikapu, beseni, mapovu, chaki, kopo. Nikasema, dada, naondoka duniani. Angalia nilivyokwisha. Nikasimama nimwonyeshe, nikaachia suruali, ikashuka mpaka magotini.

Dada aliitazama ile suruali kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Akainuka, akaingia chumbani, akatoka na suruali nyingine ya bluu, akanitupia. Ilikuwa yangu. Niliyokuwa nayo magotini ilikuwa ya shemeji yangu, ambaye anabeba mizigo ghalani na ana tumbo linalotangulia mlangoni. Kumbe tangu dada abadilishe kamba ya kuanikia, nguo zetu zilikuwa zinarudi pasipo pake. Na ndipo nikaelewa kwa nini shemeji, wiki zilezile, alikuwa ameacha kula usiku na kuanza kukimbia kuzunguka mtaa alfajiri. Maskini, alikuwa analazimisha tumbo lake liingie kwenye suruali yangu.

Ungedhani hapo ningepona. Sikupona. Nilimwambia dada kwamba suruali ni suruali, lakini beseni ni beseni.

Akavuta kikombe changu, kile chenye mkono mwekundu. Kilikuwa na chai yangu, nimekunywa nusu. Akakinyanyua, akainywa yote iliyobaki, akakiweka mezani taratibu.

"Hiki kikombe ni cha nyumba hii," alisema. "Na wewe ni wa nyumba hii. Ukiwa na virusi, utakuwa navyo hapa, unakula na sisi. Sasa vaa suruali yako twende ukapimwe."

Nililia. Sina namna ya kuipamba habari hiyo. Nililia nimesimama na suruali ya mtu miguuni, na mpwa wangu akapata nafasi aliyokuwa akiitafuta wiki zote hizo, akanikumbatia goti.

Hospitalini dada alikataa kubaki nje. Alisema amenisindikiza kwenye tetekuwanga, amenisindikiza kwenye kung'oa jino, na hili hataliacha njiani. Tukaingia wote wawili.

Nesi alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha karibu. Aliniuliza maswali kwa utulivu. Kinga ilitumika? Ilitumika. Ilipasuka wakati wa tendo? Hapana. Ilichomoka? Hapana. Tuliitumia tangu mwanzo hadi mwisho? Nikamwangalia dada, dada akaangalia dari, nikasema ndiyo.

"Sasa shida iko wapi, kijana wangu?"

Nikaweka kopo mezani.

Dada alijifunika uso kwa mtandio. Nesi akavaa glavu, akahangaika na kifuniko mpaka kikafunguka, akachungulia. Poda ikamrukia puani, akapiga chafya. Akachungulia tena.

"Hili duara amechora nani?"

"Bosi wangu."

"La nini?"

"Ili kiraka kikae katikati."

Nesi aliweka kopo chini. Aliondoka kwenye kiti, akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya kazi. Akasema kwanza ningekuja siku zile tatu za mwanzo, wangeweza kunipa dawa za kuzuia kama wangeona haja. Sasa siku hizo zimepita, kilichobaki ni kupima. Halafu akauliza kile kitu nilikitoa wapi.

Nikasema kwenye kikapu cha takataka. Akauliza kikapu cha nani. Nikasema cha mpenzi wangu, pembeni ya cherehani yake, maana yeye ni mshonaji. Nesi akamtazama dada. Dada akashusha mtandio, akamtazama nesi.

"Na humo kikapuni," nesi akauliza, "mlikuwa na nini kingine?"

Nikaanza kutaja. Vipande vya vitambaa. Nyuzi. Karatasi za kukatia nguo. Vifungo vilivyopasuka. Pini zilizopinda. Sindano zilizovunjika.

Nikaishia hapo.

Walidhani nimeelewa. Kweli nilielewa, lakini kwa mlango wa nyuma. Nilikumbuka kwamba nilipokuwa napekua, ile mifuko ya plastiki ilitoboka, na kuna kitu kilinichoma kidole cha shahada. Nikanyanyuka kwenye kiti nikasema basi nimeshachomwa na sindano pia, kwa hiyo nimeambukizwa mara mbili.

Nesi aliinamisha paji la uso wake mezani, akakaa hivyo kidogo. Kisha akanieleza, bila kuinuka vizuri, kwamba sindano ile ilikuwa imeshona pindo la sketi, na virusi havikai kwenye pindo la sketi. Akaniambia nikae, nitoe kidole, na nisitaje tena kopo lile mpaka atakapomaliza.

Akanichoma. Akadondosha damu kwenye kile kipimo chao, akakiweka mbali na macho yangu.

Niliogopa kuliko siku yoyote. Sikuwa naogopa kufa tu. Nilikuwa namfikiria Fundi, vile alivyosimama kazini kwetu ameshika mfuko wenye suruali yangu iliyotiwa zipu mpya, anamuuliza Kompresa niko wapi, na mimi naona viatu vyake kutoka chini ya lori. Nilikuwa nimeshamhukumu na kumzika, kwa neno moja la dereva.

Nikamuuliza nesi, kama nikikutwa navyo, nitaanza kukonda lini.

"Mimi ninavyo tangu hujajua kuziba pancha," akasema. "Nameza dawa zangu, nalea wanangu, naja kazini. Niangalie vizuri, halafu unionyeshe nilipokonda."

Sikujua pa kuweka macho. Dada akacheka, nesi akacheka, nami nikacheka kwa aibu, mara ya kwanza tangu siku ya beseni.

Kipimo kikawa tayari. Nesi akakisogeza mbele yangu, akanionyesha. Hakikuonyesha maambukizi. Nirudi kuhakikisha ikitimia miezi mitatu tangu usiku ule, lakini kwa alichokiona na alichokisikia, niende nikalale.

Mimi sikutaka kulala. Nilitaka haki. Nikamwomba aseme wazi, mbele ya dada yangu, kwamba lile tundu limetokana na pini za kikapuni na kwamba usiku ule halikuwepo. Nesi akasema yeye hakuwepo usiku ule. Lakini inawezekana kabisa.

Nilichukua hiyo "inawezekana kabisa" kama hukumu ya mahakama kuu. Nikabeba kopo langu, nikatoka.

Na nani yuko kwenye benchi la ukumbini, amevaa futi yake ya kupimia shingoni kama kawaida? Fundi.

Nilidhani ameambiwa nipo huko akanifuata. Furaha ilinipanda kichwani. Nikapiga magoti mbele ya benchi, mbele ya wagonjwa wote, nikamwomba msamaha. Nikamweleza dereva alichosema, na kikapu, na pampu, na kwa nini nilikuwa chini ya lori. Nikamweleza kuhusu suruali. Dada alikuwa ananivuta shati kwa nyuma, nikamtoa mkono.

"Ile kondomu ilikuwa nzima," nikasema kwa sauti. "Nzima kabisa. Nesi ni shahidi, dada ni shahidi. Usiku ule hakukuwa na tundu. Tundu ni la pini zako. Mimi ni fundi, Fundi, na naapa hapa mbele ya watu: upepo haukupita, maji hayakupita, hakuna kilichopita."

Mzee mmoja kwenye benchi la pili akasema amina.

Fundi hakucheka. Aliniacha mpaka pumzi ikaniishia.

"Umemaliza?"

Nikasema nimemaliza.

Akasema habari ya beseni anaijua. Jana jioni alipita tena kazini nikiwa nimeshaondoka, na Kompresa alimwonea huruma akamwelezea yote, akatumia mpira wa baiskeli kumwonyesha jinsi tulivyofanya. Chaki pia alimwonyesha. Akasema marehemu mumewe alizaliwa mwembamba, mama yake mwembamba, baba yake mwembamba, na alikufa kwa kugongwa na gari akivuka barabara. Ningemuuliza yeye, angeniambia siku ileile, na chai angenipa.

Nikainamisha kichwa. Kila neno lilinipata.

"Lakini mimi sikuja hapa kukufuata wewe," akaendelea. "Nilikuwa nakupigia simu kwa jambo langu. Angalia mlango niliotokea."

Nikaangalia. Mbele ya mlango ule walikuwa wamekaa wanawake wanne, na wote wanne walikuwa wameshika matumbo.

"Wamenipima kila kitu. Virusi sina," Fundi akasema. "Mimba ninayo. Na tangu nimzike mume wangu, mwanamume aliyeingia chumbani kwangu ni mmoja."

Dada alikaa kwenye benchi bila kuangalia kama kuna nafasi. Nesi wetu alikuwa amesimama mlangoni kwake, glavu moja mkononi, hacheki tena.

Fundi akanyoosha mkono, akalichukua kopo kutoka kwangu, akalipakata.

"Haya, Fundi," akasema polepole. "Wewe ndiye unayejua kazi hii. Niambie tena, mbele ya hawahawa. Usiku ule tundu lilikuwepo, au halikuwepo?"

Nilimwangalia dada anisaidie. Dada alikuwa ananiangalia mimi, na yeye pia alikuwa anangoja jibu.